Mama Mkwe na Masikio Yangu ya Zambarau

Kila nikifungua mdomo, besi inaondoka. Nikifunga, inarudi. Nikifungua tena kwa ajili ya kiitikio, besi hiyooo, imeshafika Manzese. Siku ile, mbele ya ukumbi uliojaa wageni wa harusi pale Sinza, nilikuwa namkata mpiga besi wetu jicho la "tutaonana nyuma ya jukwaa", naye maskini alikuwa anapiga vizuri kuliko siku zote.

Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la mama mkwe wangu, au la heshima niliyonayo kwake, au la tamaa yangu ya vitu vinavyong'aa. Nitaeleza, lawama mtagawa wenyewe.

Mimi ni mwimbaji wa dansi. Miaka kumi na tano nimesimama kati ya ngoma na spika, na nilikuwa nimefika mahali nikilala alfajiri masikio yanapiga filimbi yenyewe hadi adhuhuri. Fundi mitambo wetu, kijana anayependa hesabu kuliko mshahara, akanikalisha chini. Sauti ya desibeli 85 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti), akasema, sikio linaivumilia kwa muda wa saa nane. Kila ukiongeza desibeli tatu, muda unakatwa nusu. Ukifika 100, una dakika 15 tu. "Na sisi tunapiga mpaka saa tisa usiku," akamalizia, akaniangalia kama daktari anayesubiri ndugu wa mgonjwa waanze kulia.

Dawa, kwa maelezo yake, ilikuwa monita za masikioni za kuchongewa, yaani vispika vidogo vya kuvaa ndani ya sikio ili mwimbaji ajisikie na asikie bendi yake: unachukuliwa kalibu ya masikio yako, inapelekwa maabara ng'ambo, unaletewa kitu ambacho hakimwingii mtu mwingine duniani. Kelele za nje zinazibwa, kwa hiyo unajisikia bila kupandisha sauti. Bei, dola 450. Nikauza friji ya baa niliyokuwa na ndoto ya kuifungua.

Sasa ikaja fomu. Unataka akriliki au silikoni?

Akriliki ni ngumu, inang'aa kama kioo, na ni ukoo mmoja na ile plastiki ya waridi inayoshikilia meno ya bandia. Kuivaa ni rahisi, inateleza tu. Ikibana, fundi anaisaga kidogo na kuing'arisha. Kispika cha ndani kikifa, inafunguliwa inatengenezwa. Silikoni ni laini. Kuivaa lazima uvute sikio na kuizungusha kama unafungua kopo, na ikiharibika ndani, kuitengeneza ni taabu. Lakini ina sifa moja: taya likicheza, nayo inacheza. Hili si jambo dogo. Tia kidole kidogo sikioni, kisha fungua mdomo kama unapiga miayo. Umehisi? Kiungo cha taya kimekaa mbele tu ya tundu la sikio, na mdomo ukifunguka tundu linabadilika umbo. Kitu kigumu hakina habari na mabadiliko hayo.

"Kaka, wewe mwimbaji, kazi yako kufungua mdomo," fundi akaniambia. "Chukua silikoni. Ukiikataa, basi hakikisha kalibu inachukuliwa mdomo ukiwa wazi, tena wazi kweli."

Nikaangalia picha. Silikoni ilikuwa imefifia, inafanana na kandambili iliyokaa juani. Akriliki ilikuwepo ya zambarau, ndani ina vimetameta vya dhahabu. Nikachagua kwa macho kitu cha masikio.

Hospitali niliyokwenda siitaji, maana mtaalamu wa masikio alifanya kazi yake sawasawa. Alinimulika, akatoa nta ambayo sitasimulia, akasukuma ndani kijisponji chenye uzi ili ujiuji usivuke ukafika kwenye ngoma ya sikio. Kisha akanipa kidude cha kung'ata, unene wake kama inchi moja, mdomo ukabaki wazi kama wa kinda. Akachanganya silikoni ya kuchukulia kalibu, akaipiga kwa bomba la sindano, kulia na kushoto. Dunia ikanyamaza. Nikaoneshwa vidole vitano: dakika tano, usiongee, usitafune, usifunge mdomo. Akageuka kwenda kunawa mikono.

Ndipo mlango ukafunguliwa akaingia mama mkwe.

Naye alikuja kwa ajili ya masikio yake, maana kwa miaka miwili sasa ukimwambia "karibu chai" anajibu "amekufa lini?" Alisindikizwa na shemeji yangu mdogo, aliyekuwa anatarajia kuolewa. Wamekosea chumba, au wamefika mapema, sijui. Ninachojua ni kwamba mama mkwe alinikuta nimekaa mbele yake nimeachama, masikio yamejaa udongo wa buluu, mate yanaanza safari ya kwenda kidevuni.

Wewe ungefanyaje? Mimi nilitoa kidude, nikafuta mdomo, nikasimama nusu.

"Shikamoo mama."

Midomo yake ikacheza. Sikusikia kitu. Lakini baada ya shikamoo huwa panafuata nini? Marahaba, hujambo, watoto hawajambo. Nikaendelea kwa makadirio.

"Sijambo mama. Hawajambo kabisa."

Akasema kitu kirefu zaidi, ameinamisha kichwa kidogo, mkono kifuani.

"Ndiyo mama. Hakuna shida."

Uso ukamng'aa. Akasema kingine.

"Kabisa mama. Hilo niachie mimi."

Fikiria mandhari hiyo. Yeye hanisikii kwa sababu ya umri, mimi simsikii kwa sababu ya silikoni, na mazungumzo yetu yanakwenda vizuri kuliko siku yoyote tangu nimuoe binti yake. Shemeji nyuma yake alikuwa amejishika mdomo anatikisika mabega. Nilidhani anacheka mate.

Walipotoka nikarudisha kidude mdomoni haraka, mtaalamu akarudi asijue kitu. Alipozivuta zile kalibu akaziinua kwenye taa, akazigeuza, akaniuliza, "Ulifunga mdomo?"

"Hapana," nikasema.

Uongo mwingine unachukua miezi kadhaa kukurudia.

Wiki hiyohiyo mama watoto akanipokea mlangoni na tabasamu ambalo sikulizoea. "Mama anakushukuru sana. Anasema hakuwahi kupata mkwe kama wewe."

"Kwa lipi?"

"Bendi. Harusi ya mdogo wangu, mwanzo hadi mwisho, bila malipo. Na usafiri wa vyombo umesema hilo uachiwe wewe."

Nilitaka kukata rufaa. Shemeji akapigiwa simu kama shahidi: "Shemeji, ulikubali mbele yangu. Mara tatu."

Monita zilifika na ndugu anayetoka London siku ya Ijumaa. Harusi ilikuwa Jumamosi. Usiku ule nilizivaa sebuleni, nimefunga mdomo, natabasamu. Ee bwana! Kila chombo kimekaa mahali pake, besi inakuna kifua. Kasoro niliyoiona ni moja, nilipokula karanga nimezivaa nikasikia lori la kokoto linapanda Kimara kichwani mwangu. Fundi alinieleza kwamba ndivyo ilivyo, ukiziba sikio mifupa inakuletea sauti zako mwenyewe na hazina pa kutokea. Nikalala na raha yangu.

Ukumbini ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, maana ubeti naimba kwa midomo ya kubana. Kiitikio kikaja na ile "eeee" yangu ndefu. Taya likashuka, tundu likapanuka, akriliki ikabaki vilevile kama nguzo ya umeme, na besi yote ikavuja kupitia ufa huo. Badala yake zikaingia vigelegele, vijiko na mashine ya juisi. Nikamwashiria fundi: ongeza besi. Akaongeza. Nikafunga mdomo ili nivute pumzi, besi ikanishukia yote kwa mpigo, nikayumba. Wageni wakashangilia wakidhani ni mtindo mpya. Mmoja akaja kunitunza elfu kumi.

Sebene likaanza, nami nikasahau kwamba jasho na akriliki ni kama sabuni na bafu. Nilipogeuza shingo, waya ukajivuta, monita ya kushoto ikachomoka kwenye waya wake na sikioni kwa pamoja, ikaruka, ikapotelea chini kati ya miguu ya watu. Dola 225 hizo. Nikaendelea kuimba nusu ya masafa, kwa sikio moja, huku nachungulia sakafuni kama kuku.

Muziki uliposimama MC akashika kipaza sauti. "Wapendwa, kuna mama amedondosha hereni. Ya zambarau, ina dhahabu dhahabu. Ni nzito, inaonekana ya gharama. Mwenye nayo ajitokeze."

Wakajitokeza watatu.

Kabla sijashuka jukwaani, mama mkwe alikuwa ameshasimama. Alikuwa na vifaa vyake vipya vya kusikia, wiki ya pili, anasikia hadi minong'ono ya meza ya pili. Akaichukua ile "hereni" mkononi mwa MC, akaigeuza, akaipapasa kwa kidole cha mtu anayejua anachopapasa. Kisha akaja kwangu taratibu, machozi yanamlengalenga, akaishika mikono yangu.

"Baba," akasema, "kumbe na wewe?"

Nikafungua mdomo kueleza. Shemeji, ndani ya shela lake, akanitazama. Mama watoto akanitazama. Nikaona kwamba nikisema masikio yangu ni mazima itabidi niseme pia siku ile hospitali sikusikia hata neno moja, na keki ilikuwa haijakatwa.

"Ndiyo mama," nikasema.

"NDIO MAANA SIKU ILE ULIKUWA UMEACHAMA!" Tangu hapo huongea nami kwa herufi kubwa. Akavuta ushungi akanionesha sikio lake. "MIMI NIMECHUKUA YA SILIKONI. LAINI. WALINIULIZA, NIKAWAMBIA MIMI NATAFUNA. WEWE NANI ALIKUPA HIKI KIGUMU KAMA MENO YANGU?"