Mbuzi Iko Uvunguni

Tumbo langu liliniaibisha ukweni mara moja tu, na mara hiyo ilitosha. Siku ya kujitambulisha, kule Arumeru, nilipewa kikombe cha bati kilichojaa maziwa ya mgando. Mimi ni Mdigo wa Tanga, nimekulia kwenye tui na dagaa, lakini sikutaka kuonekana ninadeka mbele ya wazee. Nikanywa chote. Dakika 40 zilizofuata wazee walizungumza mambo ya posa na mshenga wangu, huku muoaji mwenyewe yuko chooni nyuma ya migomba, anasikia kila neno na hawezi kuitikia. Niliporudi nikiwa na jasho la uso, baba mkwe alinitazama kwa muda, akasema taratibu, "Huyu kijana ana shughuli nyingi."

Mke nikapewa hata hivyo.

Miaka 6 baadaye ndipo nilipomweleza daktari kwamba maziwa yananiroga. Alicheka, akaniambia niyaache kabisa kwa wiki 2 nione. Nikaona. Suruali zikaanza kunitosha jioni kama zilivyonitosha asubuhi. Akanieleza kwamba maziwa yana sukari yake iitwayo laktosi, na utumbo mdogo huivunja kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga anacho tele. Wengi wetu tukishaachishwa ziwa kinapungua, basi sukari ile inateremka nzima mpaka utumbo mpana, inavuta maji, na bakteria wa huko wanaichachusha na kutoa gesi. Wanaobaki nacho ukubwani ni hasa wale ambao mababu zao wamefuga na kunywa maziwa kwa maelfu ya miaka.

"Kama wakwe zangu," nikasema.

"Kama wakwe zako. Na usije ukakimbilia maziwa ya mbuzi. Nayo yana laktosi vilevile."

Hilo la mbuzi lishike.

Basi nikawa mpishi. Chai ya maziwa nikaigeuza ya tui jepesi na iliki, ikakubali. Kilichotusumbua ni loshoro. Kwa asiyejua, ni mahindi yaliyokobolewa, yakachemshwa mpaka yakalainika, kisha yakachanganywa na mgando. Mke wangu asipokula loshoro kwa mwezi mzima anakuwa mkali kama askari wa usalama barabarani mwisho wa mwezi. Nami sikutaka tule vyungu viwili kama wapangaji. Nikaamua kutengeneza mgando wa nazi.

Mara ya kwanza nilichemsha tui kwa moto mkali bila kukoroga, likakatika, nikapata mafuta juu na maji ya kijivu chini. Mara ya pili niliamini joto la Tanga litafanya kazi lenyewe. Lilifanya, na jirani akaja kuuliza kama tumefiwa na panya darini. Mara ya tatu nikaingia kazini kweli. Nazi 3 kavu kutoka soko la Mgandini, nikazikuna, nikakamua tui zito tupu, nikaliweka kwenye moto mdogo na vijiko 2 vya wanga wa muhogo, nakoroga bila kuacha mpaka likashika kama uji. Likapoa mpaka kidole kikavumilia. Hapo nikapasua vidonge 2 vya wale bakteria wazuri wa tumbo wanaouzwa duka la dawa, nikakoroga unga wake ndani, nikafunika, nikaviringisha sufuria kwenye blanketi la mtoto. Asubuhi tui lilikuwa jeupe, zito, chachu. Nikalamba kijiko, nikangoja saa 3. Tumbo kimya kama msikiti saa 4 asubuhi.

Ijumaa moja baba mkwe akashuka stendi ya Kange na kidumu cha lita 5 za mgando wa ng'ombe wake. Mzee huyu amechunga tangu hajaota meno yote. Kwake mtu anayekataa maziwa amekataa nyumba yaliyotoka. Mke wangu akapika loshoro masufuria 2: la mgando wa kidumuni, na la kwangu la nazi. Ukiyatazama hivi, pacha.

Tulikula vizuri mpaka mzee alipoona bakuli langu lina mng'ao. Hakuomba. Akachota. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Haya si ya ng'ombe."

Nikamtazama mke wangu. Akatazama dari.

"Ni ya nini?"

Ningeweza kusema ya nazi, tukamaliza pale pale. Lakini macho ya yule mzee yalikuwa yale yale ya Arumeru, nami nikasikia harufu ya migomba. Mdomo ukajisemea: "Ya mbuzi, baba."

Na sikusema uongo. Mtu wa Pwani anajua nazi haikuniki bila mbuzi, kile kibao cha kukalia chenye ulimi wa chuma wa meno. Sarufi nayo ikanisaidia, maana maziwa ya mbuzi ni maziwa ya mbuzi, yatoke kwa mwenye mkia au kwa mwenye msumari. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa kisigino.

Mzee akachota tena. "Mbuzi gani huyu mwenye mafuta hivi? Mnamlisha nini?"

"Nazi, baba."

"Ndiyo maana yananukia nazi." Akaitikia kwa kichwa, kama aliyethibitisha jambo alilolishuku siku nyingi. "Anatoa kiasi gani?"

"Nazi 3, karibu lita."

"Amezaa mara ngapi?"

Hapa nilikosea. Nilisema, "Hajazaa bado."

Kijiko kikarudi bakulini. Mzee akaangalia mlangoni, akaangalia dirishani, kisha akaniinamia na kunong'ona, "Anatoa maziwa na hajazaa?" Sifa za Tanga zinajulikana mpaka Arumeru, za majini hasa. Nikaona anayarejea mahesabu yote ya kumwoza binti yake kwetu.

Usiku hatukulala.

"Kesho mwambie," akasema mke wangu.

"Mwambie wewe, ni baba yako."

"Mbuzi ni wako."

Tulikubaliana jambo moja tu: akachukua mbuzi jikoni, akaikunja, akaisukuma uvunguni mwa kitanda.

Jumamosi nilitoka alfajiri kwenda kazini. Saa 5 nikapigiwa simu na mke wangu. Hakusema neno. Alisogeza tu simu dirishani, nikasikia, "Meeee!"

Nilifika nyumbani Makorora nikakuta beberu mweusi amefungwa kwenye mwembe, ndevu mpaka kifuani, harufu yake inakupokea tangu barabarani. Bodaboda aliyemleta bado yuko, anapangusa kiti. Alisema mzee alikaa nyuma amemkumbatia beberu njia nzima, wakipigiwa honi na kila daladala.

"Mkwe wangu," akasema mzee, ametulia kama jaji, "nimewaza usiku kucha. Yule hana pepo. Hajapata dume tu. Mtoeni."

Nikaanza kusema ametoka kidogo. Mwanangu wa miaka 5, aliyekuwa anamlisha beberu ukurasa wa daftari langu la madeni, akadakia: "Babu, mbuzi iko uvunguni."

"Yuko, mjukuu wangu. Mbuzi yuko. Huko shuleni mnafundishwa nini?"

"Siyo, babu. Iko. Ina meno mbele."

"Mbuzi ana meno ya mbele chini tu. Juu hana."

"Hii nayo ya juu haina," akasema mtoto. "Mama akipika huikalia."

Mzee akamgeukia binti yake. "Unamkalia mbuzi?"

Mke wangu akaingia ndani bila kujibu, akarudi na kibao kimekunjwa, kinaning'inia mkononi. Akakikunjua, akakiweka chini ya mwembe mbele ya beberu. Majirani wawili tayari walikuwa ukutani. Beberu akanusa. Akazunguka upande wa pili, akanusa na huko. Kisha akatoa ulimi, akaanza kulamba machicha yaliyoganda kwenye meno, kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa beberu.

"Amempenda," akasema mwanangu.

Hakuna aliyecheka, maana mzee hajacheka. Aliinama, akamsukuma beberu, akagusa ule ulimi wa chuma, akakikunja kibao, akakikunjua, akakikunja tena. "Kwa hiyo jana nimekula nini?"

"Tui la nazi, baba. Limegandishwa."

"Kwa nini hukusema?"

Nikamweleza yote: laktosi, laktasi, kikombe cha bati, migomba. Nilisimama kama mtuhumiwa, na beberu akiniegemea mguuni.

"Nilijua," akasema mzee. "Dakika 40 nilizihesabu kwa saa yangu. Nilidhani umekimbia. Nilishamwambia mshenga wako kama huyu bwana hayupo, yeye ataoa?" Hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kile cha wazee kinachoanza kama kikohozi, mpaka akashika mti. Akaketi juu ya mbuzi kupumzika. Akaketi kinyume, ulimi nyuma yake, na ilibidi tumwinue haraka.

Beberu alichinjwa Jumapili. Ini lilikaangwa, na kwa vile mzee aliomba, mchuzi ukaungwa kwa tui. Alikuna mwenyewe, amekaa upande sahihi, nazi 2, na kipande cha kidole gumba kidogo. Kidumu cha mgando walikimaliza yeye na binti yake.

Jumatatu nikamsindikiza Kange na kiroba chake. Konda wa basi la Arusha akakibonyeza kwa nje.

"Mzee, humu kuna nini?"

"Mbuzi," akasema baba mkwe.

"Ah, mbuzi analipiwa nauli. Tena haingii ndani, anakaa buti. Ana kibali cha mifugo?"

Nikafungua mdomo. Mzee akanizuia kwa mkono. Alimwacha konda aseme bei, aseme faini, amwite mwenzake, abiria wachungulie madirishani. Ndipo akatoa kibao kirobani bila haraka, akakikunjua katikati ya stendi, akakikalia, miguu huku na huku, akamtazama konda kutoka chini.

"Huyu hali majani," akasema. "Ila mkiwa na nazi huko buti, mleteeni."