Mahjub alikuwa anadai

Ijumaa usiku simu yangu haikulala. Kwenye kundi letu la shule (watu zaidi ya mia, nusu yao sijui nilisoma nao lini) mtu alirusha picha ya mwanamume mweusi, sare za askari wa Mjerumani, medali kifuani, kasimama wima kama mlingoti. Chini yake maneno: "Mtanzania wa kwanza kuwa staa wa sinema Ulaya! Fahari yetu!" na bendera nne. Sijamaliza kusoma, mwingine kashajibu: "Fahari gani? Kibaraka wa wakoloni huyo." Basi ikawa fahari, kibaraka, fahari, kibaraka, mpaka saa nane za usiku. Mmoja akaingiza Simba na Yanga, admini akafunga kundi.

Hakuna aliyeuliza jina lake.

Ni Mahjub bin Adam Mohamed. Mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1904, baba yake askari wa Mjerumani mwenye asili ya Sudan. Huko Ujerumani makaratasi yalimwita Bayume Mohamed Husen, na wengi wanaomjua wanamjua kwa jina hilo. Vita vya Mjerumani vilipoanza 1914 alikuwa Lindi, anajua kusoma na kuandika, Kijerumani kinapanda, kashaonja kazi ya ukarani. Baba akaenda vitani, na mtoto akaenda naye, akawekwa kwa watu wa kupeleka ishara.

Hesabu miaka: 10. Nina mpwa wa miaka 10. Ukimtuma dukani mkate anarudi na mkate bila chenji, au na chenji bila mkate. Huyo ndiye tunayemwita kibaraka.

Oktoba 1917 wakakutana na Waingereza Mahiwa, huko huko Lindi. Siku nne za mapigano, katika makali kabisa ya vita vile upande wetu huu. Nasema Waingereza kwa mazoea tu, maana waliotangulizwa mbele walikuwa Wanaijeria, na waliokuwa kwenye mahandaki ya Mjerumani walikuwa askari weusi wa huku. Mzungu wa hapa na Mzungu wa pale wamegombana kwao, damu inamwagika kwenye mihogo ya Wamwera. Mahjub akajeruhiwa, akatekwa. Alikuwa mfungwa wa vita akiwa na miaka 13.

Vita vikaisha, akapata kazi za melini, kuhudumia abiria wa meli za Kijerumani zilizokuwa zikipita pwani yetu. Mwaka 1929 akateremka Ulaya, akafika Berlin. Hakwenda kutembea wala kutafuta sinema. Alikwenda kudai mshahara wake wa vitani, na wa baba yake.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu kundi zima la wasomi wale hakuna aliyepataja. Fikiria kijana wa miaka 25 kutoka Dar, anaingia Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, na Kijerumani chake safi, anasema mlituajiri, tulipigana, hamkutulipa, nimefuata changu. Wakamjibu kwamba amechelewa. Muda wa kudai umepita.

Umechelewa! Mtu ambaye mwilini mwake mna alama ya risasi, akavuka bahari mbili kuwafuata mlangoni, ndiye aliyechelewa. Wao waliokaa na hela yake miaka zaidi ya kumi hawakuchelewa. Na ni Berlin hiyo hiyo iliyompokea Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao la huku kwetu, mwaka 1919, kapita Lango la Brandenburg juu ya farasi, watu wanashangilia. Miaka yote ya baadaye wazee wa chama cha kutaka makoloni yarudi walikuwa hawana wimbo mwingine ila "askari wetu watiifu", kwamba mnaona, Waafrika wanatupenda, turudishieni nchi. Askari mtiifu wa kwenye kadi ya posta walimpenda kweli. Huyu aliyekuja na mkono ulionyooka, mguu wa kwanza tu wakamwona kero.

Samahani kama nimepandisha. Najua ninakopandishia. Babu yangu upande wa mama alikuwa keya, askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la huku, alikwenda Burma vita vya Hitila, akarudi na bati la biskuti lenye karatasi yake ya kuachishwa jeshi. Karatasi ilikunjwa na kukunjuliwa hadi ikakatika vipande vinne, bibi akaibandika kwa unga wa muhogo nyuma ya kalenda. Kila akisikia kuna ofisi imefunguliwa inayohusika na wazee wa vita, babu alivaa kanzu safi, akachukua bati, akapanda basi. Jioni tulilijua jibu kwa anavyoliweka bati juu ya kabati. Akiliweka taratibu, wamemwambia njoo mwezi ujao. Akilisukuma, wamemwambia hawamjui. Sikumsikia hata siku moja akisema yeye ni shujaa. Alisema, "Wale wana hela yangu." Basi.

Kwa hiyo nikimwangalia Mahjub nawaona wawili.

Alipokataliwa hakurudi. Akapata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, kila ukumbi umepambwa kama nchi fulani, na watu weusi wako pale kama mapambo mengine. Akaoa, Januari 1933, mke Mjerumani kutoka Bohemia, siku tatu tu kabla Hitler hajakabidhiwa serikali. Ukitaka kujua bahati mbaya ina uso gani, ndio huo. Akapata pia kazi ya kufundisha Kiswahili chuo kikuu, kwa ujira wa kitoto, maprofesa wanachukua sifa na yeye anatamka.

Mwaka 1934 Ujerumani ilianzisha nishani ya heshima kwa waliopigana vita vya kwanza. Mahjub akaomba. Kwa nini asiombe? Alipigana, alijeruhiwa, alitekwa. Wakamnyima. Sasa nenda kaitazame tena ile picha mliyokesha nayo. Medali ile hakuvishwa na mtu. Alijinunulia mwenyewe, akaibandika kifuani, akatoka nayo. Wenye "fahari" mnashangilia heshima ambayo hakupewa, wenye "kibaraka" mnamlaani kwa tuzo aliyojilipa mfukoni mwake.

Haya, na mimi nisijifanye sioni. Alivaa sare ile kwenye mikutano ya watu waliotaka kututawala upya. Wanafunzi wake wa Kiswahili hawakuwa wanajifunza ili waje kusoma mashairi ya Muyaka, walikuwa wanajiandaa kurudi kuwa mabwana shauri. Jeshi alilolililia mshahara ni lile lile lililochoma mashamba ya babu zetu wakati wa Maji Maji. Na sinema! Aliigiza nyingi, zaidi ya ishirini, nyingi ni kubeba sinia na kusema "ndiyo bwana". Ya mwisho, 1941, ni ya kumsifu Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni lao huku na kunyonga watu Kilimanjaro, Mkono wa Damu mwenyewe, na Mahjub ndiye kiongozi wa njia wa Peters, mtumishi mwema. Mjukuu wa mtu wa Kilimanjaro akisema hilo linamtapisha, sitabishana naye.

Ila mwulize na hili. Weusi waliojazwa kwenye sinema ile kuwa "wenyeji" walikuwemo wafungwa wa vita, askari wa Kiafrika wa Mfaransa waliotekwa na Wajerumani. Wametolewa kambini, wakaletwa studio. Na mbele yao kasimama Mahjub, mfungwa wa vita wa zamani, anaigiza mtu anayempenda Peters. Najaribu kuwaza saa ya chakula pale, nani alimtazama nani.

Mwaka huo huo, 1941, wakamkamata. Kosa: uhusiano na mwanamke wa Kijerumani asiye mkewe, kosa la "kuchafua damu". Hakupelekwa mahakamani. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, Oranienburg, kaskazini mwa Berlin, akakaa humo miaka mitatu na zaidi. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Kafungwa mara mbili katika maisha ya miaka 40: mara ya kwanza na adui kwa kuwapigania Wajerumani, mara ya pili na Wajerumani.

Katika miaka ya 1960 Ujerumani Magharibi ikaja kuwalipa askari wazee waliobaki huku kwetu. Inasimuliwa kwamba waliokosa vyeti walipewa ufagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani, bega silaha, shusha silaha, na wazee wakafanya bila kukosea. Watu wanaisimulia wakicheka. Mimi sicheki. Mzee wa miaka 70 anacheza kwata na ufagio mbele ya karani ili apewe alichokitolea jasho mwaka 1917. Kumbe muda wa kudai haukuwa umepita. Ulikuwa umepita kwa yule mmoja aliyewafuata mlangoni.

Jumamosi nilikuwa na shughuli Posta, nikapita kwenye sanamu ya Askari, pale ambapo wazee wa mjini bado wanapaita Bismini. Zamani palisimama sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, Mwingereza akamng'oa, na mwaka 1927 akamweka askari wake mweusi, bunduki na singe vimeelekea bandarini. Maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Nikaizunguka yote, kijana wa kuuza maji ananitazama kama nimepoteza funguo. Hakuna jina hata moja. Berlin, Brunnenstraße namba 193, tangu 2007 kuna kibati cha shaba njano mbele ya nyumba aliyokaa Mahjub, upana wake kama kiganja, mtu asiyeangalia chini anakikanyaga. Nasema kwa uchungu, lakini nasema: wao waliomuua wameandika.

Usiku admini akafungua kundi. Nikaandika mstari mmoja: "Hakuwa fahari wala kibaraka, alikuwa anadai." Kimya. Tiki za bluu zikaongezeka. Kisha yule wa Simba na Yanga akauliza, "Shilingi ngapi?"

Nikamjibu, wakati ule zilikuwa rupia.