Tears of the Kingdom imetuondolea milima

Nianze na hukumu, ili asiyependa mabishano aondoke mapema. Tears of the Kingdom, gemu ya Nintendo katika mfululizo wa The Legend of Zelda, imeundwa kwa ustadi kuliko Breath of the Wild iliyoitangulia mwaka 2017, ina mambo mengi zaidi, inamheshimu zaidi mchezaji mwenye akili ya ufundi, na bado haiifikii. Najua hukumu hii haipendwi. Gemu iliyotoka Mei 2023 na kuuza nakala zaidi ya milioni 10 ndani ya siku tatu haihitaji kibali changu, na wapo waliozimaliza zote mbili wakaapa kwamba baada ya hii ya pili hawana haja tena na ya kwanza. Furaha yao siigusi. Nina ugomvi na kitu kimoja tu, nacho ni usafiri.

Kabla ya hapo tuiondoe njiani lawama iliyozoeleka, kwamba Nintendo walituuzia ramani ileile mara mbili. Ni kweli kwamba nchi ya Hyrule ya 2023 ni ileile ya 2017: mito ileile, vijiji vilevile, Death Mountain palepale. Lakini kurudia mandhari si dhambi. Mwaka 2000 kampuni hiyohiyo ilitoa Majora's Mask, miaka miwili baada ya Ocarina of Time, ikatumia injini ileile na sura zilezile za watu, ila safari hii wakiwa na majina na maisha mengine. Ikatoka gemu tofauti kabisa. Ocarina inakutaka uwe shujaa. Majora's Mask inakupa siku tatu kabla mwezi haujaangukia mji, halafu inakuacha uamue utamsaidia nani na nani utampita ukijua atakufa na shida yake. Eiji Aonuma alikuwa miongoni mwa walioiongoza kazi ile, na ndiye mtayarishaji mkuu wa Tears of the Kingdom. Kutengeneza kipya kwa vifaa vya zamani si jambo geni kwake.

Breath of the Wild nayo ilikuwa na swali lake, na ililirudia kutoka dakika ya kwanza mpaka ya mwisho: pale unapopaona, utafikaje? Link, shujaa unayemwongoza, anaamka pangoni, anatoka nje, anasimama ukingoni, na nchi nzima imetandazwa mbele yake. Kila kilele unachokiona kinapandika. Ila pumzi zake zina mpaka, na duara la kijani linalozipima likimalizika angali katikati ya jabali, anaporomoka. Mvua ikinyesha mikono inateleza. Radi ikianza kunguruma, upanga wa chuma mgongoni unaivuta imjie yeye. Kule kwenye milima ya Hebra baridi inamla taratibu mpaka avae nguo nzito au ale chakula kilichopikwa kwa pilipili. Mazimwi yapo, Ganon, adui mkuu, yupo, lakini kwa saa nyingi unazocheza unapambana na ardhi. Mwinuko, maji, baridi, giza, mambo ambayo hata mtu asiyewahi kushika gemu anayaelewa bila kufundishwa.

Chukua minara. Gemu zote mbili zina minara 15 ya kufungulia ramani. Katika ile ya kwanza, kila mnara ni kesi yake. Kuna mmoja umezungukwa na tope linalommeza Link akithubutu kukanyaga. Dawa yake ni kuyanyanyua mabamba ya chuma kwa uwezo wa sumaku, kuyalaza juu ya tope, kisha kurukia moja baada ya jingine. Ule wa Akkala umekaa juu ya magofu ya ngome, na mashine zenye jicho la moto zinazunguka angani zikikusaka. Hukimbilii tu kuupanda. Unasimama mbali, unatafuta upenyo, unajificha nyuma ya ukuta uliobomoka, unakosea, unakufa, unarudi kwa upande mwingine. Ukifika juu na ramani ikafunguka, kila kona ya ile njia unaijua, maana imekutesa.

Sasa njoo kwenye minara ya 2023. Baadhi ina tatizo dogo la kutatua mlangoni: miiba imeziba, fundi amekwama, mvua inazuia moto. Kisha unaingia, mashine inamkamata Link na kumvurumisha mpaka juu ya mawingu. Mara ya kwanza nilipiga ukelele, sifichi. Hakuna upakiaji, hakuna kukatwa kwa picha, dunia nzima inapungua chini yako mpaka inakuwa ramani. Ni moja ya matendo mazuri kuliko yote katika gemu za miaka hii. Halafu unafungua parashuti na kuteremkia popote unapotaka. Lile bonde lililo katikati, lenye kambi ya mazimwi wanaoitwa Bokoblin na daraja lililokatika na msafiri anayelia kwamba farasi wake amekimbia, umelipita kwa juu. Kesho utafungua mnara wa jirani na kulipita tena kwa upande wa pili.

Na hiyo ni kabla ya feni.

Uwezo mkuu wa gemu hii unaitwa Ultrahand. Unanyanyua karibu kitu chochote, unakizungusha, unakigandisha kwenye kingine: gogo na gogo, gurudumu na ubao, roketi na mkokoteni. Wachezaji hawakukawia kugundua kwamba chombo bora cha usafiri Hyrule kinahitaji vitu vitatu tu: feni mbili na usukani katikati. Ukizilaza feni kwa pembe inayofaa, moja mbele na nyingine nyuma, unapata pikipiki ya angani inayopaa, inayogeuka, isiyokula betri sana, na inayodumu kuliko lile bawa la kuelea ambalo hutoweka ungali hewani. Ukipata uwezo wa kuunda upya ulichowahi kukiunda, kazi inabaki kubonyeza kitufe. Kuanzia hapo kila jabali nililowahi kulitolea jasho mwaka 2017 ni kivuli kinachopita chini ya miguu.

Kuna uwezo mwingine, Ascend, unaomwezesha Link kupenya dari na kuibukia upande wa juu. Uko chini ya mlima? Ingia pangoni, tazama juu, penya, umefika kileleni. Waundaji wenyewe walieleza kwamba ulianza kama njia ya mkato ya kujaribia gemu wakati wa kuitengeneza, wakaona inapendeza wakamwachia mchezaji. Ninaupenda, na ninautumia kila mara. Lakini sikushangaa hata kidogo niliposikia asili yake. Kifaa cha mtu anayetaka kufika upesi kwa sababu ameshaichoka njia, ndivyo kinavyojihisi mkononi.

Najua jibu linalokuja: hakuna aliyekulazimisha kupaa. Tembea kama unataka kutembea. Hoja hii nimeipima sana, kwa sababu inaonekana ya haki, na bado siikubali. Mtu anayecheza anatumia akili yake yote kushinda. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa. Akigundua njia rahisi halafu akajinyima kwa makusudi, hapambani tena na gemu, anapambana na tamaa yake mwenyewe. Katika Breath of the Wild sikuhitaji nidhamu yoyote ili niuheshimu mlima. Waundaji walishanifanyia kazi hiyo. Na walijua thamani yake: kile Kisiwa cha Eventide, kinachokunyang'anya kila kitu ulichonacho mara unapotua ufukweni na kukuacha na fimbo za kuokota, bado ndicho watu wanachokikumbuka. Ukinyimwa unabuni. Tears of the Kingdom nayo inajua hili, kwa sababu imejaza mahekalu kadhaa yanayokuvua silaha na nguo na kukuambia upigane na ulichokikuta humo. Hayo ndiyo mahekalu yake bora.

Haki nayo isemwe. Pale Ultrahand inapopewa tatizo dogo lenye mpaka, gemu hii haina mpinzani. Mfano wangu ni Addison, yule jamaa anayezunguka Hyrule akijaribu kusimamisha mabango ya bosi wake. Bango limepinda, yeye amelishikilia asiweze hata kujikuna, kando kuna mbao chache, tairi, pengine mnyororo. Unatakiwa kulitegemeza mpaka aachie mikono nalo lisianguke. Kila bango lina umbo lake, uzito wake, mteremko wake. Unapachika ubao, anaachia, bango linayumba, linaanguka upande usioutegemea, anakimbilia kulidaka. Unacheka, unarudia. Hakuna jibu moja sahihi, na fundi mbaya kama mimi anaweza kulisimamisha kwa lundo la takataka likahesabiwa sawa na kazi ya mhandisi. Nilikuwa naacha safari ya kumwokoa binti mfalme kwa ajili ya bango. Wale Korok, viumbe wadogo wa msituni, wenye mabegi mazito wanaoomba wapelekwe kwa rafiki zao ni tatizo la aina hiyohiyo, ingawa ukatili ambao watu wamewafanyia kwa roketi unatia aibu. (Nami nimo.)

Silaha pia zimepata tiba. Lile la upanga kuvunjika katikati ya vita liliwakera wengi katika ya kwanza. Sasa unagandisha pembe ya zimwi kwenye kijiti na kijiti kinakuwa silaha ya kuogopwa. Kila adui anayeanguka ana kitu unachokihitaji. Hapa ya pili imeshinda na hakuna la kubishania.

Nchi ya chini ya ardhi inanipa shida zaidi kuihukumu. Nintendo waliificha kabla ya gemu kutoka, na siku ya kwanza unapojitupa kwenye shimo ukaendelea kuanguka, ukaendelea, mpaka unatambua kwamba chini kuna giza lenye ukubwa sawa na Hyrule yote, moyo unasimama. Imepangwa kwa ujanja: mlima wa juu ni bonde chini, na chini ya kila hekalu dogo la juu ya ardhi kuna mzizi wa kuwasha taa. Tatizo ni kwamba baada ya saa kadhaa umeshauona wote. Giza lilelile, miamba ileile, kambi za wachimba madini zinazofanana. Na kwa kuwa humo huoni unakokwenda, kila mtu anapanda ile pikipiki ya feni. Visiwa vya angani navyo, ukiacha kile cha kuanzia, ni vichache na vimetawanyika. Safari ya kuelekea Hekalu la Upepo, ukirukia kisiwa kimoja baada ya kingine ndani ya dhoruba ya theluji pamoja na Tulin, kijana wa watu-ndege, ndiyo sehemu pekee ya angani iliyonirudishia ile hali ya 2017. Sishangai, kwa maana unapanda.

Hadithi sitaimaliza kwa maneno mawili, na ambaye hajacheza aruke aya hii. Gemu zote mbili zinakupa hadithi ya zamani vipandevipande, kwa mpangilio wowote unaovikuta. Katika ya kwanza mpangilio haukuwa na madhara, kwa sababu mwisho ulishaujua: ufalme ulianguka, marafiki walikufa. Kila kumbukumbu iliongeza uzito wa msiba uliokwisha kutokea. Katika ya pili kuna siri, yaani binti mfalme Zelda amekwenda wapi, na siri haivumilii kusimuliwa kuanzia nyuma. Mimi nilijua kwamba yule joka wa mwanga ni yeye mapema mno, halafu nikatumia sehemu kubwa ya gemu nikisikiliza watu wakinituma nikamtafute huku Link amefunga mdomo kama mtu asiyejua chochote. Juu ya hilo, ukimaliza kila hekalu kubwa anatokea mhenga wa kale na kukusimulia vita vilevile, kwa maneno yaleyale kasoro machache, mara nne. Na zile mashine kubwa za Breath of the Wild, wale wanyama wa chuma walioonekana kutoka kila pembe ya nchi? Zimetoweka, na hakuna mtu Hyrule anayeona ajabu.

Nikirudi kwenye kiini cha malalamiko yangu, sidhani kwamba Ultrahand ni wazo baya lililoharibu gemu nzuri. Ni wazo kubwa lililopelekwa kwenye nchi isiyo yake. Ile Hyrule ilichongwa kwa ajili ya mtu wa miguu: umbali kati ya kilima na kilima, mahali mto unapokukatia njia, jinsi kila mteremko unavyoficha kitu mpaka uufikie, vyote vilipimwa kwa mwendo wa Link na urefu wa pumzi zake. Ukimpa mtu huyo ndege, vipimo vyote vinakufa. Ningependa kuiona Ultrahand katika nchi iliyopimwa kwa ajili yake, yenye bahari pana zinazohitaji chombo cha kweli, upepo unaoweza kuipindua pikipiki ya feni mbili, mizigo isiyobebeka bila kufikiri, mabonde ambayo daraja lake ni lazima ulijenge wewe.

Nintendo wanaweza kuitengeneza hiyo. Teknolojia yake wanayo tayari, na sijui studio nyingine iliyofikia kiwango chao cha kufanya vitu vizito viguswe, vigande na visigombane. Kwa sasa, anayeniuliza aanze na ipi kati ya hizi mbili namwambia aanze na ya 2017, aingie kwenye mipangilio na kuchagua Pro ili ramani ndogo ya pembeni ipotee kwenye skrini, na asianze na ya pili kabla hajauteremka ule uwanda wa kwanza, akachagua kilele chochote kinachomvutia, akakipanda.