Grazia hakuchukuliwa kwa nguvu
Wanaoichukia filamu ya Death Takes a Holiday (1934) wana hoja moja kubwa: inapamba kifo. Mauti anavishwa sare ya mwanamfalme, anapewa sura na sauti ya mwigizaji Fredric March, halafu mwishoni anaondoka na Grazia, binti ambaye hata maisha hajayaonja, nasi tunatakiwa tuyaite hayo mapenzi. Kwa mzazi aliyewahi kuzika mtoto, lalamiko hilo halihitaji maelezo.

Nalipa heshima yake. Lakini naona wengi wanaukumbuka mwisho na kusahau njia iliyotufikisha hapo.

Mauti haji kutafuta mchumba. Anafika kwenye jumba la Duke Lambert huko Italia akiwa na swali: kwa nini wanadamu wananiogopa hivi? Anajitwalia umbo la mwanamfalme Sirki na kuomba apokewe kama mgeni kwa siku 3. Msomaji aliyelelewa akijua kwamba malaika mtoa roho hutumwa tu atasema Mauti hana likizo ya kujipangia, na kwa imani yake yuko sahihi. Filamu haifundishi dini. Inauliza ingekuwaje.

Katika siku hizo 3 hakuna anayekufa popote duniani. Watu wanatoka wazima kwenye ajali zilizopaswa kuwamaliza. Watazamaji wa leo hupita hapo haraka, kana kwamba ni kionjo cha kuchekesha tu. Mimi siwezi. Tamthilia iliyozaa filamu hii, ya Mwitaliano Alberto Casella, ni ya mwaka 1924. Italia ilikuwa imetoka kupigana miezi 41 katika Vita Kuu ya Kwanza na kupoteza askari zaidi ya 500,000. Gawanya: ni karibu 400 kila siku. Siku 3 bila kifo, kwa hesabu hiyo, ni vijana 1,200 hivi wa nchi moja tu, bila kugusa Ufaransa, Ujerumani wala Urusi. Kwa Mwitaliano wa wakati ule, mapumziko ya Mauti hayakuwa mchezo wa kubuni. Pengine alijua kabisa ni siku 3 zipi ambazo zingemrudishia kaka yake. Watu waliotoka kwenye msiba wa kiasi hicho hawakuhitaji mtu wa kuwapambia kifo. Walihitaji kumkalisha Mauti mezani na kumuuliza anafanya nini.

Naye anajifunza. Wanawake wengine waliovutiwa na Sirki wanarudi nyuma kwa hofu wanapohisi kilichomo machoni mwake. Grazia, aliyeigizwa na Evelyn Venable, harudi nyuma. Usiku wa mwisho Duke na wageni wake wanamsihi Mauti amwache binti wa watu, na kwa mara ya kwanza yule asiyewahi kumsikiliza mtu anasikiliza. Anakubali kuondoka peke yake. Anajivua sura ya Sirki na kumwonyesha Grazia kivuli alicho, na jibu la Grazia ni kwamba siku zote amemwona hivyo. Hakudanganywa na sare. Ukisema alirubuniwa, unamnyang'anya uamuzi ambao Mauti mwenyewe alimwachia.

Mwaka 1998 Hollywood iliisimulia upya kwa jina la Meet Joe Black, karibu saa 3 badala ya dakika 79, na safari hii binti anabaki hai, anayeondoka ni baba yake mzee. Wapinzani wa filamu ya kwanza wataupenda zaidi mwisho huo, na kweli hauumizi sana. Lakini mzee kuondoka ni jambo tulilokwisha kulizoea. Swali la hofu linabaki bila mtu wa kulijibu, na Mauti halazimiki kumwachia yeyote nafasi ya kukataa.

Kasoro ninayoikubali ni mama yake Grazia. Filamu inampa nafasi ya kulia na kuomba, kisha inamwacha. Hatuambiwi ataamkaje kesho yake, katika jumba ambalo kila mtu alijua mgeni ni nani na bado akashindwa kumzuia mtoto wake. Dakika 5 zaidi kwa mama huyo zingewanyima wapinzani nusu ya hoja yao.