Faili Inayofunguka Popote

Mwalimu wetu wa kompyuta ni kijana mpole, ila ana udhaifu mmoja: hawezi kukuona unahangaika na laptopu akapita zake. Siku hiyo alinikuta kwenye chumba cha walimu nikigombana na karatasi ya hesabu ya Gredi ya 7. Nyumbani kwangu Umoja nilikuwa nimeipanga ikapangika, jedwali hapa, mchoro pale. Kuifungua kwenye kompyuta ya shule, jedwali limehamia ukurasa wa pili peke yake, swali la 4 limemeza la 5, na fonti imejigeuza ya kadi za harusi.

"Mwalimu, wewe andika maandishi matupu," akasema, tayari keshavuta kiti. "Alama ya reli, hii #, mwanzo wa mstari, hicho kichwa. Nyota mbili huku na mbili huku, herufi nzito. Kistari, orodha. Basi. Ukimaliza, programu iitwayo Pandoc inakugeuzia: PDF ya kuprinti, Word ya deputi, ukurasa wa wavuti wa zile tableti. Faili ni moja, na inafunguka popote. Hata kwenye kompyuta ya saiba."

Hayo maneno ya mwisho nimeyarudia sana kichwani tangu hapo.

Mtindo wenyewe unaitwa Markdown. Aliuanzisha Mmarekani John Gruber mwaka 2004, Aaron Swartz akichangia mawazo. Pandoc ikafuata mwaka 2006, kazi ya John MacFarlane, profesa wa falsafa kule Berkeley. Niliposikia kuwa fundi wake ni mwanafalsafa ningeaga mapema. Mwanafalsafa hakupi jibu bila kukuachia swali.

Swali halikukawia. Niliandika mfano: matatu ya Umoja imebeba abiria 14, nauli shilingi 50, imeenda mjini ikarudi imejaa vilevile, makanga amekusanya pesa ngapi? Chini yake nikaonyesha njia, 14*50*2, maana kwenye kompyuta nyota ndiyo ya kuzidisha. Markdown ikaona 50 imebanwa na nyota huku na huku, ikadhani nataka herufi za mlazo, ikazila nyota zote mbili. Karatasi ikatoka imeandikwa 14502, ile 50 ya katikati imelala upande kama abiria wa kiti cha nyuma saa tano usiku.

"Ticha," akauliza msichana wa dawati la mbele, "hao abiria 14,502 walikaa wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko isipokuwa mvulana mmoja wa nyuma, ambaye babake ni dereva wa ruti hiyo. Yeye alisema inategemea makanga.

Dawa ipo. Unatanguliza mkwaju wa nyuma kabla ya kila nyota, 14\*50\*2, au unaachanisha kwa nafasi, au unaandika × kama watu. Nikaandika ×. Juma lililofuata nikaandika "Jina la mwanafunzi" na mstari wa chini yake nikapiga vistari, mtoto ajaze hapo. Kumbe maneno yaliyopigiwa vistari chini nayo yanahesabiwa kuwa kichwa. Pale pa jina pakatoka pakubwa kuliko jina la shule. Watoto walipapenda sana, nami nikapaacha.

Kilichonimaliza kabisa ni maoni ya kuficha. Chochote utakachokiandika kati ya <!-- na -->, Pandoc ikitengeneza PDF inakiruka kana kwamba hakikuwahi kuandikwa. Mwalimu yeyote wa hesabu atanielewa. Zamani nilikuwa na faili mbili, ya mtihani na ya majibu, na siku zote majibu yalikuwa ya mtihani wa mwaka juzi. Sasa jibu linakaa chini ya swali lake. Ukihamisha swali, jibu linafuata. Nikaanza na majibu. Halafu nikaongeza maelekezo ya kusahihisha. Halafu, kwa kuwa hakuna anayeona, nikaanza kuzungumza.

<!-- Jibu: sh. 1,400. Asiyeonyesha njia anyimwe alama moja. -->

<!-- Hili ni la mtoto wa mwenyekiti wa wazazi. Akilipata, ameibia. -->

<!-- Deputi akiuliza mbona maswali machache, mwambie karatasi imepanda bei. -->

Siku ya mtihani wa kati ya muhula nilikuwa nimeitwa semina mjini. Alfajiri nikapitia kwa kijana wa saiba karibu na soko la Mutindwa, nikamwachia flashi yenye mtihani.pdf na mtihani.md, ile faili yenyewe niliyoiandika kwa Markdown. Nikamwambia aprinti mtihani, afunge kwa bahasha, ampe mtu wa boda. Kijana mwaminifu sana yule. Aliprinti, akafunga kwa gundi, na bahasha ikafika shuleni kabla ya kengele. Kwa kuwa sikuwepo, deputi akasimamia mwenyewe.

Saa nne nikaipigia saiba simu, nikitaka tu kujua kama salio la pesa zangu lipo.

"Lipo, Madam. Halafu ile PDF ilikuwa inazunguka tu, haifunguki. Nikachukua hiyo nyingine. Hiyo imefunguka papo hapo."

"Imefungukia wapi?"

"Notipadi."

Notipadi haifasiri kitu. Alama ya reli inabaki alama ya reli, nyota inabaki nyota, na maoni ya kuficha yanakaa chini ya kila swali yakiwa yamenyooka, wino mweusi, nakala moja kwa kila mtoto.

Sikusikia tena neno la semina. Kwenye matatu ya kurudi, foleni ya Jogoo Road haisogei, nikajifariji kwamba watoto wangeona tu ni makosa ya printa. Nilipoyafikia madaftari ya majibu jioni, nilikuta wengi wamenakili jibu langu kama lilivyo, pamoja na mabano, mshangao na vistari vyake. Mmoja ameandika: "<!-- Jibu: sh. 1,400. Asiyeonyesha njia anyimwe alama moja. -->", na chini yake hakuonyesha njia. Nikamnyima alama moja. Mwingine alikuwa amesikiliza vizuri somo la ishara za kutolingana. Alisoma ile < kuwa "ni ndogo kuliko", akahitimisha kwa Kiswahili safi kwamba pesa za makanga ni ndogo kuliko mshangao.

Daftari la mtoto wa mwenyekiti niliinua la mwisho. Swali alikuwa amelifanya lote, hatua kwa hatua, mstari juu ya mstari, kazi nadhifu kuliko ya mwanafunzi mwingine yeyote. Mwishoni ameandika jibu, akalipigia mistari miwili kwa rula. Chini ya mistari ile, kwa herufi ndogo: "Sijaibia."

Nilikuwa bado naliangalia neno hilo deputi alipoingia na nakala yake mkononi. Deputi wetu ni mtu wa suti saa zote, na hapaazi sauti. Ndiyo maana tunamwogopa. Akaiweka karatasi mezani, akanielekezea kidole pale pake. Chini ya maoni yangu kuhusu bei ya karatasi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, mabano na vistari vyote mahali pake:

<!-- Karatasi haijapanda bei. Njoo ofisini. -->

Nikaenda. Akafunga mlango, akaketi, akanyamaza kwa muda ambao ulinitosha kupanga maisha mapya kijijini.

"Mwalimu," akasema, "nimemuuliza kijana wa kompyuta. Anasema ukitumia alama hizi, yaliyomo ndani hayaonekani kwenye nakala ya wazazi."

"Ndiyo, Mwalimu. Mradi itoke PDF."

"Kwa hiyo mimi naweza kuandika kumbukumbu za mkutano wa wazazi, na chini ya kila hoja nikaweka ninachofikiri mimi?"

"Waweza, Mwalimu. Lakini usiprinti Mutindwa."

Akatikisa kichwa polepole, akavuta daftari lake la mkutano wa Jumamosi, akafungua kalamu ile nyekundu.

"Huo mshangao," akauliza, "unaanza wenyewe au kinaanza kistari?"