Mhojiwa Namba 14 Hajasoma Alichosema

Cheti cha uraia cha mzee huyu kinakaa kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye bahasha ya kaki, bahasha kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nimekiona mara mbili. Mara ya kwanza nilifika Ulyankulu, makazi ya waliokuwa wakimbizi wa Burundi mkoani Tabora, nikiwa mkalimani na msaidizi wa mtafiti wa chuo kikuu kimoja. Mara ya pili nilirudi peke yangu, miaka mitatu baadaye, nikiwa na nakala ya makala iliyotokana na yale mahojiano. Safari hiyo alikitoa bila kuombwa, akakilaza mezani kando ya makala, akasema, "Haya mwalimu, nisomee walichoniandika."

Kurasa zaidi ya ishirini, zote Kiingereza. Nilisoma nikitafsiri papo hapo, mstari kwa mstari, mpaka nikafika kwenye maneno yake mwenyewe. Chini yake palikuwa pameandikwa: mhojiwa namba 14, mwanaume, zaidi ya miaka 60.

"Huyo ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, mzee wangu."

"Mbona wamenificha? Serikali imeniandika jina langu hapa," akagusa cheti, "nyie mnaniita namba?"

Nilimweleza kwamba jina hufichwa kwa usalama wake, na bado naamini huo ni utaratibu mzuri. Akanielewa. Lakini akauliza lile swali ambalo halijaniacha hadi leo: kama jina lake halimo na lugha yake haimo, basi karatasi ile aliandikiwa nani?

Wengi wanaijua Ulyankulu kwa kwaya ya Barabara ya 13. Kabla ya kwaya kulikuwa na 1972, mauaji ya Burundi, na watu waliovuka mpaka wakaletwa kwenye misitu ya Tabora wakaifyeka, wakalima mahindi na tumbaku. Wenzao walipelekwa Katumba na Mishamo, ambako leo ni mkoa wa Katavi. Zaidi ya miaka 40 baadaye, Oktoba 2014, vyeti vya uraia vikaanza kugawiwa kwa zaidi ya watu 162,000. Ni jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya, na mimi kama Mtanzania najivunia.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo panaponiuma. Wengi kati ya hao 162,000 hawakuvuka mpaka wowote. Walizaliwa hapa hapa. Na Sheria ya Uraia ya 1995, Sura ya 357, kifungu cha 5, inasema kwamba mtu aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu Siku ya Muungano ni raia wa kuzaliwa, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa maadui walioikalia nchi. Ukiyasoma maneno hayo kama yalivyo, kijana aliyezaliwa Ulyankulu hakuhitaji kuomba chochote. Lakini kwenye ofisi zetu utaratibu umekuwa mwingine: lazima angalau mzazi mmoja awe raia. Ndiyo maana vijana waliozaliwa Kaliua, wilaya ilimo Ulyankulu, nao wakapewa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, kama wageni waliohamia.

Tofauti yake si ndogo. Raia wa tajnisi anaweza kuvuliwa uraia na waziri kwa sababu zilizotajwa kwenye sheria. Wa kuzaliwa hawezi kuvuliwa kwa njia hiyo. Raia wa tajnisi hawezi kugombea urais, kwa ibara ya 39 ya Katiba. Wanasheria wamebishana juu ya kifungu hicho cha 5 kwa muda mrefu, na wengine wamebishana vizuri sana, kwenye majarida ya vyuo vikuu ambayo kijana wa Barabara ya 13 hajawahi kuyagusa. Makala niliyompelekea mzee nayo ilikuwa na kurasa nne juu ya kifungu cha 5. Kurasa nne zinazomhusu mjukuu wake moja kwa moja! Na mjukuu, aliyezaliwa 2004 wazazi wake wakiwa bado wakimbizi kwenye makaratasi, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anasikia jambo hilo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Kule Kigoma hali ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Mha wa Kasulu au Kibondo anaweza kuulizwa uraia wake kwa sababu tu Kiha kinakaribiana na Kirundi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, na watafiti wanaingia na kutoka. Kila anayeingia anauliza, anarekodi, anashukuru, anaondoka.

Najua jibu la wahadhiri, kwa sababu nimelisikia. Kupanda cheo kunategemea makala kwenye majarida yanayosomwa nje, na majarida hayo yanataka Kiingereza. Sawa, andikeni Kiingereza. Mimi sipingi hilo hata kidogo. Ninachokikataa ni ile hoja ya pili, kwamba Kiswahili hakina maneno ya kubeba mambo ya sheria. Mahakama zetu za mwanzo zimeendeshwa kwa Kiswahili miaka yote: mdai, mdaiwa, dhamana, rufaa, zuio, hati ya wito. Mama muuza dagaa aliyewahi kufungua kesi ya shamba anayajua. Na tangu 2021 Bunge limebadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Ikiwa jaji anaweza kuandika hukumu kwa Kiswahili, anayemchambua jaji anashindwaje kuandika kurasa mbili?

Kurasa mbili ndizo ninazoomba. Kila utafiti unaohusu haki za kundi dogo la watu uambatane na kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida: tuliuliza nini, tuligundua nini, sheria inasemaje, wapi hatukubaliani na serikali na wapi tunakubaliana nayo. Nakala ziachwe ofisi ya kata, shule ya sekondari na mahakama ya mwanzo. Chuo kisitoe shahada, wala wanaotoa vibali vya utafiti wasifunge jalada, kabla nakala hizo hazijapokelewa na kugongwa muhuri. Bibi ambaye Kirundi kinamkaa zaidi kuliko Kiswahili atasomewa na mjukuu, au kanisani baada ya ibada. Watu wetu wanajua kusomeana.

Nilimwandikia yule mtafiti barua pepe kumweleza haya. Alijibu kwa upole kwamba hairuhusiwi kutafsiri makala bila idhini ya jarida. Basi sitaitafsiri. Nimekaa na kifungu cha 5 nikakieleza kwa maneno yangu mwenyewe, pande mbili za ubishi, kwenye daftari la shule. Mjukuu wa mzee amenipigia simu kuuliza kama anaweza kuwaleta wenzake. Amesema wako kumi na moja. Nimemwambia waje. Jumamosi napanda basi la asubuhi la Ulyankulu.