Pikapu Ipimwe Ikiwa na Mzigo

Anayetembea Raskazone, Tanga, jioni ya Jumapili hakosi kukutana na Hilux au Ranger iliyonyanyuliwa mbele hadi pua ikalingana na mkia, ikavalishwa matairi mapana yenye meno makubwa, na kuegeshwa kwa mbwembwe ikitazama bahari. Gari la namna hiyo linapendeza, nami ni miongoni mwa wanaogeuka kulitazama. Ninachopinga ni mazoea ya kuisawazisha pikapu hivyo, kwa kuinua pua, ikiwa tupu, kana kwamba utupu ndio hali yake ya kudumu, katika mkoa ambao pikapu nyingi hushinda zimebeba machungwa ya Muheza, saruji ya Pongwe au matenga ya samaki.

Mkia wa pikapu huachwa juu kwa makusudi tangu kiwandani. Nyuma kuna springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na upinde wake umepigiwa hesabu ya mzigo ambao bado haujapakiwa. Pikapu nyingi za daraja la Hilux zimekusudiwa kubeba karibu tani 1, yaani mifuko 20 ya saruji yenye kilo 50 kila mmoja. Ukishaipakia mifuko hiyo, simama pembeni uitazame: mkia uliokuwa umebinuka umeshuka, na gari limekaa sawa bila fundi kuligusa. Sasa chukua pikapu ambayo pua yake tayari imeinuliwa, uipakie mzigo uleule. Mkia utashuka kama kawaida, lakini pua itabaki juu, na uso wa gari utaelekea mbinguni. Ule mteremko ambao mwenye gari aliuona kuwa kasoro ndiyo iliyokuwa akiba yake ya kubebea, naye ameitumia yote kabla ya kupakia hata gunia moja.

Madhara yake hayaishii kwenye sura. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Pikapu iliyokalia mkia na kunyanyua pua huwa na usukani mwepesi kuliko inavyofaa, na dereva anayeteremka kutoka Amani wakati wa masika, barabara ikiwa inateleza, hahitaji kuelezwa maana ya usukani mwepesi.

Njia inayopendwa zaidi, kwa sababu ni ya bei nafuu, ni ya spesa. Fundi hupiga jeki, hufungua nati tatu zilizoshika kichwa cha shokapu, huingiza kipande kinene cha alumini au cha plastiki ngumu kati ya shokapu na chasisi, kisha hufunga. Kwa mtu aliyezoea, ni kazi ya nusu siku. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaelezwi ni kwamba shokapu haikukaa kwenye gurudumu lenyewe, bali imesimama katikati ya mkono wa chini unaolishika gurudumu, kwa hiyo unene wa spesa huongezeka karibu maradufu ukifika kwenye tairi. Spesa ya milimita 25 huinua pua kwa takriban milimita 50. Anayenunua ya milimita 50 akidhani atapata milimita 50 anaisukuma mikono ya gari mahali ambapo haikutengenezwa kufika.

Mikono ikining'inia hivyo, sivii jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele, hufanya kazi ikiwa imekunjwa kwa pembe kali. Mikunjo ya mpira unaoifunika hukaa ikisuguana, mpira hupasuka, grisi humwagika na mchanga huingia, na kwenye barabara zetu za pwani mchanga haukosekani. Boljointi, viungo vya mviringo vinavyoishika mikono kwenye gurudumu, nazo husogea karibu na mwisho wa mwendo wake. Pembe za magurudumu pia hubadilika zote kwa pamoja, na gari lisipopelekwa kwenye alaimenti, yaani kunyoosha pembe hizo, siku hiyohiyo, tairi huanza kula upande. Nimeona tairi la bei ya juu likiwa na meno mazima upande wa nje huku upande wa ndani nyuzi zimeanza kuchungulia.

Pikapu za zamani zenye toshenibaa, yaani fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi za mbele, kama Hilux za miaka ya 1990, huinuliwa kwa kukaza bolti tu, bila kununua chochote. Urahisi huo una gharama yake: gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka, na kila shimo hupiga hadi kwenye kiti. Land Cruiser ya mkonga, yenye ekseli moja nzima mbele, ina unafuu kwa upande wa tairi kulika, ila ikiinuliwa bila kurekebishiwa pembe huanza kutangatanga barabarani ikiwa kwenye kasi.

Upande wa matairi wenyewe, hesabu si ngumu. Hilux nyingi huja na tairi la kipimo cha 265/65R17, ambalo kipenyo chake ni karibu milimita 776. Ukivalisha 285/70R17, kipenyo kinakuwa milimita 831. Tofauti ni milimita 55, lakini gari huinuka kwa nusu yake tu, kiasi cha milimita 27. Hiyo milimita 27 ndiyo pekee inayoinua difu ya nyuma, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, kutoka ardhini, kwa sababu difu hiyo imelala kwenye ekseli, na ekseli haijui kama pua imewekewa spesa. Mtu anayeniambia amesawazisha gari ili lisikwame kwenye matope huku difu yake ikiwa palepale, ninamwambia ukweli kwamba ameongeza mwonekano.

Tairi hilo huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita. Mshale ukisoma 80, kwa hesabu gari linakwenda karibu 86, na palipoandikwa 50 linakwenda zaidi ya 53. Trafiki aliyeshika tochi ya kupimia mwendo kule Hale hatasikiliza somo la vipenyo. Injini nayo inakuwa kama imeongezewa gia nzito, breki zinasimamisha tairi zito zaidi, na tairi la akiba huenda lisiingie tena mahali pake chini ya bodi. Ukikata kona hadi mwisho, tairi husugua plastiki ya ndani ya madigadi, na hapo ndipo msumeno hutolewa.

Linaloniudhi kuliko yote ni taa. Taa za chini kwa kawaida huelekezwa ziteremke karibu asilimia 1, yaani sentimita 10 kwa kila mita 10. Hilux ya karibuni ina takriban mita 3.1 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma. Inua pua kwa milimita 50 na gari zima linainama nyuma kwa asilimia 1.6. Mwanga uliokuwa ukishuka sasa unapanda, na hapo mzigo haujawekwa. Ukipakia, unapanda zaidi. Kati ya Segera na Muheza usiku, kwenye barabara yenye njia moja kwenda na moja kurudi, anayekuja mbele yako anaamini umemwashia taa kamili kwa kiburi, naye anawasha zake. Pikapu nyingi zina kigurudumu kidogo karibu na usukani cha kushushia taa wakati wa mzigo. Ukiinua pua, kigurudumu hicho unakimaliza ukiwa bado hujapakia kitu.

Kwa mwenye pikapu ya kazi, basi, ushauri wangu ni kuiacha pua ilipo. Achukue utepe, apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pande zote nne, gari likiwa tupu, kisha arudie likiwa na mzigo wake wa kila siku. Akiona mkia umeshuka chini ya pua, fedha za spesa aziweke kwenye springi za nyuma na shokapu mpya. Akitaka tairi kubwa kidogo, 265/70R17 humpa milimita 13 chini ya difu, na mara nyingi huingia bila kukata kitu.

Asiyebeba mzigo, ambaye pikapu kwake ni gari la familia na la matembezi ya Pangani, anayo haki ya kuisawazisha. Ila achague springi ndefu zilizotengenezwa pamoja na shokapu zake, asivuke milimita 40, na asikubali bei ya fundi ambayo haikujumlisha alaimenti na kushusha taa. Gereji inayosema taa atazishughulikia mwenye gari mwenyewe baadaye haijamaliza kazi, na isilipwe yote.